Leseni ya Mganga: Serikali na Tiba Asili Tanzania Bara

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale kule Mohoro, Rufiji. Alikuwa mganga wa Ngarambe. Watu walimiminika kwake kuchukua maji wakiamini ni kinga ya risasi, na wakoloni wakaona uasi ndani ya kibuyu. Vita vya Majimaji, vilivyobeba jina la maji hayo, vikaendelea hadi 1907. Tangu siku hizo, serikali zote zilizotawala nchi hii zimemtazama mganga kwa wasiwasi, na ukizisoma sheria zinazohusu kazi yake utaona kwamba nyingi zimetokana na hofu kuliko haja ya kupima dawa yake.

Waingereza walianza na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1922, kisha wakaitunga upya 1928. Ilikuwa kosa kujidai una nguvu za uchawi, na kosa vilevile kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Mkuu wa wilaya alipewa uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa akaishi kwingine na kuripoti kila alipotakiwa. Mtu wa mizizi na majani hakuwa na nafasi yake katika sheria hiyo. Wananchi, kwa upande wao, hawakuacha kutafuta nani kawaroga. Sifa za Nguvumali, mganga mfichua wachawi wa pande za Kilwa, zilienea hata Hasani bin Ismail akamtungia Swifa ya Nguvumali, utenzi uliochapishwa Oxford mwaka 1968.

Mwaka huohuo wa 1968 sheria ya madaktari ilirekebishwa. Kutibu kukawa haki ya waliosajiliwa, lakini mganga wa jadi akaachiwa mlango: aliruhusiwa kutibu ndani ya jamii yake, mradi jamii hiyo yenyewe inamtambua kuwa amefunzwa kazi. Mimi naona kifungu hicho kilikuwa na busara. Kwa nini? Kwa sababu kijijini mtihani wa mganga haufanywi siku moja. Watu wanajua alifundishwa na nani, alibeba mkoba wa babu yake kwa miaka mingapi, mtoto wa nani alipona na mzee wa nani alifia mikononi mwake. Hakuna ofisi ya wilaya yenye kumbukumbu kama hizo.

Udhaifu wa kifungu hicho ulionekana watu walipohama. Mganga akipanda basi akashukia Dar es Salaam, akapanga chumba Manzese na kutundika kibao mlangoni, jamii inayomtambua ni ipi? Mteja wake ni mgeni, na yeye mwenyewe ni mgeni. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kuwa na thamani, na kwa muda mrefu aliyeitoa karatasi hiyo alikuwa afisa utamaduni wa wilaya, yuleyule anayeshughulikia vikundi vya ngoma. Uganga ulihesabiwa kuwa mila. Muhimbili walikuwa wameanzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, lakini Wizara ya Afya ilikuja kuwa na kitengo chake cha tiba asili mwaka 1989.

Sheria kamili ilipatikana mwaka 2002: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23. Ikaunda Baraza, ikaweka msajili, ikataka mganga apate cheti. Maombi yanaanzia chini, kwa barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa, yakipanda hadi kwa mganga mkuu wa wilaya, yaani daktari wa serikali. Kwa hiyo shahada ya majirani ilibaki, ingawa sasa imefupishwa kuwa mhuri wa mtendaji kwenye karatasi.

Kisha yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wote wa jadi. Uchungu wa wakati ule haukuwa wa kuigiza, kwani Pinda mwenyewe alitokwa machozi bungeni akilizungumzia jambo hilo. Hata hivyo amri ilimkamata mpiga ramli anayeagiza viungo vya binadamu pamoja na bibi anayechemshia watoto majani ya homa. Isitoshe, anayeagiza viungo vya binadamu hakuwahi kungoja kibali. Zuio liliondolewa mwaka 2010.

Mwaka uliofuata, barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ikajaa magari. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wagonjwa walilala njiani siku kadhaa, na baadhi walifia kwenye foleni. Viongozi nao walikwenda wakanywa. Serikali iliyokuwa imewafungia waganga nchi nzima sasa ilikuwa ikipanga foleni ya mganga mmoja. Swali ambalo sheria ya 2002 ilikusudiwa kulijibu, kwamba dawa hii inatibu nini na kwa kiasi gani, halikupata jibu kabla umati haujafika.

Mwanzoni mwa 2015 ukatangazwa msako mwingine baada ya mashambulizi mapya dhidi ya wenye ualbino, na kufikia Machi polisi walikuwa wamekamata waganga wasio na vibali zaidi ya 200. Tangu hapo lugha ya polisi imekuwa na maneno mazuri: wanasaka wapiga ramli chonganishi. Huko angalau kosa limetajwa kwa jina lake.

Usajili unahitajika. Mgonjwa anayesoma tangazo kwenye nguzo ya umeme hana njia nyingine ya kujua anakwenda kwa nani. Ila daftari linalofungiwa ofisini halimsaidii. Baraza lina majina, na vijiji vinawajua watu. Basi orodha ya waliosajiliwa ibandikwe kila mwaka kwenye ofisi ya kila kijiji na mtaa, iseme kila mganga anatibu nini, na wananchi wapewe muda wa kupinga jina wasilolikubali kabla cheti hakijahuishwa.