Vals: kijiji kilichonunua maji moto, kikayauza tena

Wadau, huko milimani Uswisi kuna kijiji kinaitwa Vals. Watu wake kama elfu moja tu, na kimya chake si cha kawaida. Ardhini yanatoka maji ya nyuzi joto 30 hivi. Miaka ya 1960 mwekezaji mmoja akajenga hoteli pale, mwishowe mambo yakamwendea kombo, akafilisika.

Sasa sikieni: mwaka 1983 wanakijiji wenyewe wakazinunua hizo hoteli! Wakampa kazi msanifu majengo mmoja, naye akawajengea mabwawa ya kuogea kwa vibao 60,000 vya mawe yaliyochongwa bonde lilelile. Yalifunguliwa 1996, na 1998 tu jengo likawa tayari ni urithi unaolindwa na sheria. Wageni wakamiminika kutoka kila kona ya dunia.

Lakini 2012 wanakijiji wakapiga kura kuuza. Msanifu yuleyule alikuwa na kundi lake lililotaka kununua, wakamnyima. Mali ikaenda kwa tajiri mwingine.

Je, ungekuwa wewe mwanakijiji, kura yako ungempa nani? Au ungegoma kuuza kabisa?