Mpira wa Kikapu katika Chuo cha Hamline

Jina la St. Paul, Minnesota, si geni kwa washarika wa Dayosisi ya Iringa. Tangu mwaka 1987 sinodi ya Kilutheri ya eneo hilo imekuwa na uhusiano nao uitwao Bega kwa Bega. Mji huohuo una sehemu yake katika historia ya michezo, nayo ilianzia katika chumba cha chini ya ardhi.

Chuo cha Hamline ni cha Wamethodisti. Kilianzishwa mwaka 1854 huko Red Wing, kikafungwa mwaka 1869, kikafunguliwa tena St. Paul mwaka 1880. Mwaka 1893 kilimpokea Ray Kaighn awe msimamizi wa michezo. Kijana huyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi 18 waliocheza mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza kabisa, Desemba 1891, katika shule ya Chama cha Kikristo cha Vijana (YMCA) huko Springfield, Massachusetts, mwalimu wao James Naismith alipotundika vikapu viwili vya matunda. Mchezo ulienea hasa kwa wanafunzi wa namna hiyo, kila mmoja akiupeleka kule alikopewa kazi.

Mahali palipopatikana Hamline ni chini ya jengo la sayansi. Dari ilikuwa na kimo cha futi 9 tu, ilhali Naismith alikuwa ametundika vikapu vyake futi 10 kutoka sakafuni! Humo, Februari 9, 1895, Hamline ilipambana na Shule ya Kilimo ya Minnesota, wachezaji tisa kila upande. Wenyeji walishindwa 9 kwa 3.

Wengi huuhesabu kuwa mchezo wa kwanza kati ya vyuo viwili. Wapo wanaoipa heshima hiyo siku ya Januari 18, 1896, Chicago ilipoishinda Iowa 15 kwa 12, kwa kuwa hapo walicheza watano watano kama ilivyo leo. Hoja hiyo ni dhaifu, maana mwaka 1895 idadi ya watano ilikuwa bado haijawa lazima.

Chini ya kocha Joe Hutton, aliyeanza kazi mwaka 1931, Hamline ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mwaka 1942, 1949 na 1951. Katika kikosi cha 1949 alikuwamo Vern Mikkelsen, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, aliyeichezea baadaye Minneapolis Lakers hadi mwaka 1959 na kutwaa nayo ubingwa mara nne.