Uhaba Uliozaa Istilahi: Historia ya Video na Sauti za Kidijitali katika Kompyuta ya Nyumbani

Istilahi zinazotumika katika uchezaji wa video na sauti kwenye kompyuta ya nyumbani hazikubuniwa kwa mpango mmoja wala na taasisi moja. Zilitoka katika maabara za simu, viwanda vya televisheni, kampuni za muziki, kamati za viwango vya kimataifa na vyuo vya uhandisi, na kila kundi lilitaja kwa namna yake upungufu uliokuwa ukilikabili, ama waya usiopitisha data ya kutosha, ama diski isiyo na nafasi, ama prosesa isiyo na kasi, ama hataza iliyofunga njia. Sehemu kubwa ya upungufu huo imekwisha, lakini majina na tarakimu zilizozaliwa nao zimebaki katika kila faili, na ndiyo maana mtumiaji wa leo hukuta faili mbili zenye jina la aina moja, moja ikicheza na nyingine ikikataa, bila kuona tofauti yoyote kati yake.

Historia ya sauti ndiyo inayotangulia. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ya simu ya ITT, alibuni njia ya kuwakilisha sauti kwa namba: wimbi la umeme linalotoka kwenye kipaza sauti hupimwa mara nyingi kwa vipindi vinavyolingana, na kila kipimo huandikwa kwa biti, yaani tarakimu za sifuri na moja. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Idadi ya sampuli katika sekunde moja, inayotajwa kwa hezi, huitwa kasi ya sampuli. Na idadi ya biti zinazotumika kuandika kila sampuli huitwa kina cha biti. Kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon zilithibitisha kwamba sauti huweza kurejeshwa kikamilifu iwapo kasi ya sampuli inazidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo ndani yake, na kwa kuwa sikio la binadamu halisikii zaidi ya hezi 20,000 hivi, kasi iliyozidi kidogo 40,000 ilionekana kutosha.

Kampuni za Philips na Sony zilipoingiza diski ya muziki ya CD katika soko la Japani mnamo Oktoba 1982, kasi iliyochaguliwa ilikuwa hezi 44,100, kwa kina cha biti 16. Tarakimu hiyo ilitokana na mashine za kurekodia video, ambazo wakati huo ndizo zilizokuwa na uwezo wa kuhifadhi data nyingi kiasi hicho: sampuli 3 katika kila mstari wa picha, mistari 294, mara 50 kwa sekunde, huzaa 44,100 kamili. Wahandisi wa filamu na utangazaji walishika kasi nyingine, 48,000, ambayo DVD iliirithi, na kwa sababu hiyo kompyuta inayocheza muziki wa CD na sauti ya filamu kwa wakati mmoja hulazimika mpaka leo kubadilisha sampuli za upande mmoja zilingane na za upande wa pili.

Zao la tarakimu hizo ni kasi ya biti, yaani wingi wa biti zinazopita katika sekunde moja. Njia mbili za sauti, kushoto na kulia, kwa sampuli 44,100 za biti 16, hufanya biti 1,411,200 kwa sekunde, au megabaiti 10 na kidogo kwa kila dakika ya muziki. Katika miaka ambayo kompyuta za nyumbani zilikuwa na diski kuu za megabaiti 20 au 40, wimbo mmoja tu ungeijaza nusu ya mashine au zaidi. Faili ya WAV, iliyotangazwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huhifadhi sampuli hizo jinsi zilivyo, na kwa hiyo ilifaa zaidi kwa milio mifupi kuliko kwa santuri nzima.

Upande wa picha uhaba ulikuwa mkali zaidi. Video ni mfululizo wa picha tuli zinazoitwa fremu. Idadi yake katika sekunde ni kasi ya fremu, na kila fremu hujengwa kwa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli, ambazo hesabu yake kwa upana na kimo ndiyo resolusheni. Fremu ya televisheni yenye pikseli 720 kwa 576, ikiandikwa kwa biti 24 kwa kila pikseli na kuonyeshwa mara 25 kwa sekunde, huhitaji takriban megabiti 249 kwa sekunde, kiasi ambacho kingeijaza diski ya CD ya megabaiti 650 kwa picha za sekunde 21 hivi. Video ya kompyuta kwa hiyo haikuwezekana bila ubanaji, yaani kuandika habari ileile kwa biti chache zaidi.

Msingi wa ubanaji huo uliwekwa mwaka 1974, pale Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, walipochapisha njia ya kihesabu ya kugeuza kipande cha picha kuwa jumla ya mawimbi ya kosaini, ili mawimbi ambayo jicho halitambui kukosekana kwake yaondolewe. Kiwango cha H.261 cha mwaka 1988, kilichokusudiwa mazungumzo ya video kupitia nyaya za simu za kidijitali, kilijumuisha njia hiyo na wazo la pili: kwa kuwa fremu zinazofuatana hufanana, inatosha kuhifadhi fremu moja nzima na kisha kuandika tu kilichosogea au kubadilika. Kutokana na wazo hilo zimebaki herufi zinazotumiwa na wahariri wa video mpaka sasa: fremu ya I hujitegemea, fremu ya P hukadiriwa kutokana na iliyotangulia, na fremu ya B, iliyokuja na viwango vya baadaye, hukadiriwa kutokana na ya nyuma na ya mbele. Ndiyo sababu mtu anaporusha filamu mbele, programu hupendelea kutua kwenye fremu ya I, na ikilazimishwa kutua penginepo picha huweza kuonekana imevurugika kwa muda.

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote ulianza kati ya mwaka 1991 na 1992. Desemba 1991 Apple ilitoa QuickTime, na mnamo Novemba mwaka uliofuata Microsoft ikajibu kwa Video for Windows, iliyokuja na faili za AVI. Mifumo yote miwili ilitenganisha mambo mawili: kodeki, yaani kanuni za kubana data na kuifungua tena, na kontena, yaani mpangilio wa faili unaoweka pamoja mkondo wa picha, mkondo wa sauti na saa ya kuilinganisha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa kodeki za wakati huo, kama Cinepak na Indeo ya Intel, zilikuwa zikicheza picha katika dirisha dogo tu, na kila mmoja alijua kwamba zingepitwa upesi na nyingine bora. Hata hivyo, kama vile rangi ya kontena bandarini isivyosema bidhaa iliyomo, herufi AVI mwishoni mwa jina la faili zilikoma kueleza lugha ambayo picha iliandikwa. Maelezo hayo yalifichwa ndani, katika alama ya herufi nne ambayo programu huisoma na mtazamaji haioni, na kompyuta isiyo na kodeki iliyotajwa hapo ilitoa sauti bila picha, au haikutoa chochote.

Wakati kampuni zikishindana, kundi la wataalamu la MPEG, lililoanzishwa mwaka 1988 kwa juhudi za Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani, lilitafuta kiwango cha wote. Lengo la kwanza lilipimwa kwa kasi ya usomaji wa diski ya CD, yaani megabiti 1.5 hivi kwa sekunde, na matokeo yake, MPEG-1, yalikamilika mwaka 1992. Kiwango hicho kilikuwa na tabaka tatu za ubanaji wa sauti, na la tatu, lililoendelezwa zaidi huko Erlangen, Ujerumani, na watafiti wa Fraunhofer akiwemo Karlheinz Brandenburg, ndilo lililopewa mwaka 1995 jina fupi la MP3. Ubanaji wake ni wenye upotevu: hutupa sauti hafifu zinazomezwa na sauti kubwa zilizo karibu nazo, hata wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde ukawa sehemu moja ya kumi na moja ya ule wa CD. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, huwakilisha njia ya pili, ubanaji usio na upotevu, ambao hupunguza ukubwa kwa kiasi kidogo kuliko MP3 lakini hurejesha kila sampuli ilivyokuwa.

MPEG-1 ndiyo iliyobeba VCD, diski iliyowekewa kiwango mwaka 1993. Picha yake ilikuwa na pikseli 352 kwa 288, robo ya eneo la picha ya televisheni kwa makadirio, na kwa kuwa diski moja ilichukua dakika 74 hivi, filamu ndefu iligawanywa katika diski mbili. Ulaya na Amerika Kaskazini hazikuipokea sana, lakini Asia iliikumbatia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilienea Afrika Mashariki, ambako filamu za Kiswahili zilizoanzia kwenye mikanda ya VHS zilihamia VCD na baadaye DVD. Kabla nyaya za baharini, kuanzia SEACOM mnamo Julai 2009, hazijafika Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi setilaiti za gharama kubwa, na kwa hiyo diski ndiyo iliyokuwa njia ya video ya kidijitali kuingia majumbani. Filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kazi iliyompa Lufufu umaarufu Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, huonyesha mpaka wa kiufundi wa wakati huo: sauti ya msimulizi ilichanganywa na sauti ya filamu katika mkondo mmoja, na mtazamaji hakuweza kuziachanisha.

DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, iliruhusu mpaka mikondo 8 ya sauti na 32 ya maandishi ya tafsiri katika filamu moja, kwa kutumia MPEG-2 na diski ya gigabaiti 4.7. Pamoja na hayo, ilileta ndani ya kompyuta mabaki ya televisheni. Tangu miaka ya 1930, televisheni iliokoa nafasi ya mawimbi kwa kuonyesha kwanza mistari ya witiri ya picha na kisha ya shufwa. Monita ya kompyuta, inayochora mistari yote kwa mfululizo, iliionyesha picha hiyo ikiwa na kingo zenye meno ya kitana kila kitu kilipokwenda mbio, na programu zikalazimika kuongeza kazi ya kuiunganisha mistari hiyo upya. Filamu ya sinema, inayopigwa kwa fremu 24, iliharakishwa ifikie 25 katika nchi zenye mfumo wa PAL, zikiwemo za Afrika Mashariki, hivyo filamu ya dakika 100 iliisha kwa dakika 96. Diski pia ziligawiwa kwa kanda za kibiashara: Kenya na Tanzania ziliwekwa kanda ya 5, Oman na Uingereza kanda ya 2, na diski yenye kufuli iliyonunuliwa Muscat au London ilikataliwa na mashine ya Mombasa iliyoheshimu utaratibu huo.

Uhaba uliofuata ulikuwa wa njia za kunakili. Mwaka 1999 Mfaransa Jérôme Rota aligeuza kodeki ya Microsoft ya MPEG-4 ikawa DivX, iliyoiwezesha filamu nzima kuingia katika CD moja ya megabaiti 700. Kodeki hiyo na jamaa zake ziliwekwa ndani ya AVI, kontena ambalo halikutayarishwa kwa fremu za B, na sauti ikaachana na midomo ya wachezaji mara kwa mara. Watumiaji walipakua mafurushi ya kodeki kutoka vyanzo visivyoaminika, baadhi yakiwa na virusi. Suluhisho lilitoka kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, ambao mradi wao wa mwaka 1996 wa kurusha video katika mtandao wa chuo ulizaa VLC, iliyotolewa kwa leseni huria mwaka 2001 ikiwa na kodeki zake zote ndani. Kwa upande wa kontena, Matroska ya mwaka 2002 na MP4, iliyojengwa juu ya QuickTime, zilichukua nafasi ya AVI.

Kiwango cha H.264 cha mwaka 2003 kilituliza ushindani kwa muda, kwa kuwa kiliweza kutumika katika simu, diski na intaneti vilevile, lakini kilizongwa na hataza nyingi. AV1 ya mwaka 2018 ilibuniwa na muungano wa kampuni ili itumike bila malipo. Utiririshaji, yaani kucheza video huku ikiendelea kupokelewa, ulileta bafa, akiba ya sekunde chache inayokinga uchezaji dhidi ya kukwama, na ukafanya kasi ya biti ibadilike yenyewe kulingana na nguvu ya mtandao. Ngazi ya 480 anayochagua mtazamaji wa Nairobi ni hesabu ya mistari ya televisheni ya Marekani, ijapokuwa televisheni ya kwao ilionyesha mistari 576.

Faili ya leo inayotaja MP4, H.264, 1080p, fremu 25 na AAC ya hezi 48,000 husomeka, basi, kwa asili ya kila neno. MP4 ni kontena tu, na kubadilisha herufi hizo katika jina la faili hakugeuzi chochote kilichomo; H.264 na AAC ni kodeki, nazo ndizo zinazoamua kama mashine itacheza; herufi p yaeleza kwamba mistari yote huchorwa pamoja, tofauti na televisheni ya zamani; 25 na 48,000 ni urithi wa utangazaji. Ubora hautajwi na lolote kati ya hayo peke yake: resolusheni huweka dari, lakini kinachoonekana na kusikika huamuliwa na kasi ya biti ikipimwa pamoja na umahiri wa kodeki, na filamu ya 1080p iliyobanwa kupita kiasi huweza kushindwa na ya 480 iliyopewa biti za kutosha.