Injini isiyo na pampu ya oili

Juzi taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa njia panda ya Kaplong. Nilizima injini papo hapo, gari likavutwa hadi nyumbani, nikabadilisha pampu mwenyewe.

Je, zamani walifanyaje? Ford Model T (1908 hadi 1927) haikuwa na pampu kabisa! Flaiwili ilirusha oili juu, bomba dogo likaikinga, ikateremka mbele kwa uzito wake tu. Kwenye mlima mrefu kama yetu ya chai, silinda ya mbele ilikosa oili.

Chrysler ya 1924 ilisukuma oili kwa pampu mpaka kwenye beringi. Mlima haukusumbua tena. Lakini pampu ikifa, beringi huungua kwa dakika chache (waandishi wa programu mnanielewa). Zangu zilipona.