Jiwe la Babu Yangu, Mpima Pamba

Halmashauri ya Chama chetu Kikuu imeniomba niandike machache juu ya habari za kale, ili kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi kisijae picha za wakubwa na hesabu za marobota peke yake. Nami sina habari ya kale niijuayo vema kuliko ile ya marehemu babu yangu, aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa, na ambaye utotoni nilimdhani kuwa ndiye mtu mkubwa kuliko wote katika Usukuma. Wasomaji wataniwia radhi nikimsifu. Nitajitahidi kumsifu kwa mambo yaliyotendeka.

Kabla ya ushirika, mkulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa alimwuzia mfanya biashara mwenye kibanda chake, mizani yake na karani wake. Wakulima wengi hawakujua kuisoma mizani hiyo. Babu alikuwa akituonyesha, kwa kapu la mihogo, jinsi goti la karani lilivyoweza kuuinua mfuko kidogo tu kutoka chini, na ratili kadha wa kadha zikatoweka mbele ya macho ya mwenyewe. Dhuluma hiyo ya mizani iliwauma watu kuliko hata udogo wa bei. Basi wakaanza kuweka wapimaji wao kando ya vibanda, ili mtu aujue uzito wa pamba yake kabla hajamfikia mnunuzi. Mwaka 1952 Bwana Paul Bomani, ambaye umri wake ulikuwa miaka 27 tu, alizunguka jimboni akiwahimiza wakulima waungane. Vyama vya msingi vikaandikishwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mwaka uliofuata Shirikisho likawa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, huko Kasamwa katika Geita. Miaka ya 1950 ilipokwisha, pamba ya jimbo ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe.

Babu aliajiriwa na chama cha msingi cha kijiji chetu mwaka 1954, naye hakuwa na elimu ila ya kusoma, kuandika na kujumlisha. Siku alipokabidhiwa mizani alikwenda akatafuta jiwe; na sisi wa kandokando ya Ziwa, alhamdulillahi, hatuna upungufu wa mawe. Akalichonga pole pole, akalipima katika mizani tatu mbalimbali mjini Mwanza, hata likawa ratili 10 kamili. Tangu hapo kila asubuhi ya msimu alilitundika kwanza jiwe lake mbele ya wanachama wote, akamwita mmoja wao asome kwa sauti, ndipo akaanza kazi.

Walakini isidhaniwe kuwa udanganyifu ulikuwa wa wanunuzi peke yao. Wakulima nao, na hili halipendezi kuandikwa katika kitabu cha sherehe, walijua kuinyunyizia pamba maji usiku, na kuutia mchanga katikati ya mfuko. Tena ilikuwapo kazi ya kuchagua: pamba nyeupe iliyokauka iliitwa safi, na yenye madoa iliitwa fifi, nayo fifi ilikuwa na bei ya chini sana. Mvivu alipenda kuzichanganya.

Mwaka 1958 kaka yake babu, wa tumbo moja, alileta mifuko minne. Babu akauingiza mkono ndani ya ule wa kwanza, akautoa una unyevu. Akaimwaga pamba yote juu ya mikeka. Safi na fifi zilikuwa zimechanganywa.

"Mdogo wangu," kaka yake akamwambia taratibu, "mimi ndimi niliyekulipia mahari."

"Ndiyo, kaka," babu akajibu. "Ianike kwanza, kisha uichague. La sivyo nitaiandika yote fifi."

Kaka yake hakuichagua, na yote ikaandikwa fifi. Kwa misimu minane hakukanyaga nyumbani kwetu, hata msibani. Bibi alimlaumu babu waziwazi, akisema kuwa mfuko mmoja wa fifi usingeliangusha Shirikisho zima. Mimi nami, nilipokua, nilimwona babu kuwa mgumu kupita kiasi, na hata leo sijui kwa yakini kama ningaliweza kutenda vile.

Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu malalamiko juu ya upendeleo na fedha kupotea yalikuwa yamezidi. Katika mkutano wa chama chetu mtu mmoja alisimama akadai kuwa wapimaji wote waliwapendelea jamaa zao. Babu alinyamaza. Ndipo kaka yake, aliyeketi nyuma kabisa, akainuka akasema, "Mimi ni jamaa yake, na mwaka 1958 alinipa fifi. Na kweli ilikuwa fifi." Jioni ile alikula kwetu.

Yaliyofuata wengi wenu mwayajua. Ratili ziliachwa zikaja kilo, naye babu akaandika juu ya jiwe kwa rangi: "Kilo 4 na nusu na kidogo." Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, ununuzi ukatiwa mikononi mwa mamlaka ya pamba, na babu akarudi nyumbani na jiwe lake begani. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama, macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu.

Jiwe hilo limo nyumbani kwangu. Msimu uliopita karani wa chama chetu cha msingi, kijana mwenye mizani ya umeme, aliniomba nimwazime. Akaliweka juu ya mizani mbele ya watu, akasoma: kilo 4 na nusu.

"Na kidogo," akasema mzee mmoja kutoka nyuma.