Kuhitimu

Kitenzi kuhitimu, kinachosikika kila msimu wa mahafali, yaani sherehe ya kutunuku shahada, kimetoka katika Kiarabu kikiwa na maana ya kutia muhuri na kumaliza, na katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki hutumika pia kwa mwanafunzi aliyeimaliza Kurani, juzuu zote 30, mbele ya mwalimu wake. Huko mtu huhitimu peke yake, kwa sauti yake mwenyewe. Chuo kikuu huwatunuku mamia kwa tamko moja, wakiwa wamesimama na majoho yao, ilhali kila mmoja amefika kwa njia yake: huyu kwa mkopo, yule kwa ng'ombe wa nyumbani aliyeuzwa. Jina la kila mhitimu na lisomwe, tena litamkwe sawasawa.