Shosho Amepotea na Kamera Iko: Venye CCTV Inaweza Kusaidia Kumpata, na Venye Unaweza Kuharibu Ushahidi

Mzee akitoka kwa geti na asirudi, familia nyingi huanza na kutafuta picha poa ya kurusha kwa grupu za WhatsApp. Picha ni muhimu, hakuna ubishi. Lakini wakati mnachagua picha, kuna kitu ingine inaendelea kimya kimya: kamera ya plot, ya jirani na ya petroli stesheni zinaandika video mpya juu ya ile ya zamani. Video yenye iko na shosho wako inaweza kupotea kabla mtu yeyote aiangalie.

Cheki hapa venye unafaa kujipanga, kutoka dakika ya kwanza hadi kortini kama mambo yatafika huko.

Kwa nini ni mbio

Kamera nyingi za mtaani hurekodi kwa DVR, ile sanduku iko na hadi disk ndani. Disk ikijaa, mashine haisimami. Inafuta siku ya zamani kabisa na kuendelea.

Piga hesabu. Kamera moja ya 1080p inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu GB 43 kwa siku. Plot iko na kamera 4? Hiyo ni kama GB 173 kwa siku. Disk ya TB 1 inajaa kabla siku 6 ziishe. Zile kamera ndogo za Wi-Fi ndio noma zaidi: kadi ya GB 64 ikirekodi bila kusimama kwa megabiti 2 inabeba kama siku 3 tu. Kwa hivyo ukingoja "tuone kama atarudi weekendi", unaeza pata jirani amekubali kukusaidia lakini kadi yake haina kitu.

Na kuna sababu kubwa kuliko hiyo. Wazee wengi wanaopotea mjini hawajatoroka na hawajaibiwa. Ni kusahau. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia mwaka wa 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtu wa hivyo anaweza kutembea saa nyingi bila maji, bila dawa ya presha, na asiulize njia ju kwa akili yake anajua penye anaenda. Kamera inakupa kitu moja hakuna mtu mwingine atakupa kwa uhakika: alielekea wapi, saa ngapi, na alikuwa na nani.

Polisi kwanza, na usikubali ya masaa 24

Ile stori ya "ngojeni masaa 24 kwanza" haiko kwa sheria yoyote ya Kenya. Nenda kituo cha karibu saa hiyo hiyo, toa ripoti, na usitoke bila namba ya OB. Sema wazi umri, ugonjwa, dawa, nguo na mara ya mwisho alionekana wapi. Karani akikuzungusha, omba kuongea na OCS. Unaweza pia kupigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203.

Hiyo namba ya OB ndiyo itakufungulia mageti. Pia ndiyo njia ya kufikia kamera za barabarani za serikali. Mfumo wa polisi uliojengwa na Safaricom baada ya mkataba wa 2014 ulipangiwa kamera kama 1,800 Nairobi na Mombasa. Wewe kama raia hauwezi kuingia huko uangalie. Afisa anayeshughulikia kesi ndiye anaomba, na ataomba haraka kama umempa barabara na saa kamili. "Alipita huku kati ya saa tatu na saa tatu na nusu" inasaidia. "Alipotea asubuhi" haisaidii.

Fuata njia, kamera moja hadi nyingine

Anza na kamera ya geti lenu. Mkishajua alipinda kushoto ama kulia, msihangaike na upande ule mwingine. Nenda kamera inayofuata upande huo: duka, kanisa, duka la M-Pesa, petroli stesheni, supamaketi, steji. Gawaneni kazi. Mmoja anafuata kamera, mwingine anapigia hospitali akiuliza kuhusu wagonjwa wasiojulikana, mwingine anabaki nyumbani ju wazee wengine hurudi wenyewe.

Fikiria pia alikuwa anaongea nini siku hizo. Mzee aliyekuwa anasema "nataka kwenda nyumbani" huku amekaa nyumbani, mara nyingi anamaanisha kwa boma ya zamani. Kama ni wa Embu, kamera za karibu na steji za Tea Room zinaeza kuwa na jibu kuliko za mtaa wako. Kama ni wa Ukambani, fikiria Machakos Kantri Basi.

Venye utaongea na wenye kamera

Usiingie na fujo. Soja na keyateka wanaogopa kufutwa kazi, na wako na haki ya kuogopa. Ongea poa:

"Soja, habari ya kazi? Mimi ni wa ile plot ya geti ya kijani. Shosho yetu ametoka leo asubuhi na hajarudi. Tumeripoti, OB ndiyo hii. Naomba utupigie mwenye nyumba tuangalie kamera ya geti tu, kutoka saa moja hadi saa nne."

Umeona? Umesema kamera gani, masaa gani, na umeomba mkubwa wake apigiwe badala ya kumlazimisha avunje sheria za kazi.

Mwenye kamera akisema "siwezi, ni mambo ya Data Protection", mjibu kwa heshima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 30, inaruhusu data ya mtu kutumika pale inahitajika kulinda maisha yake ama ya mtu mwingine. Mzee mgonjwa amepotea, hiyo ni maisha. Lakini hiyo haikupi ruhusa ya kubeba video za wapangaji wote wakiingia na kutoka. Omba kipande kile tu unahitaji. Bado akikataa, usipigane. Mwombe tu asiifute, andika jina la jengo na saa, kisha mwambie afisa wa kesi. Polisi wanaweza kuomba wenyewe, na wakihitaji, waende kwa hakimu wapate waranti.

Kukopi bila kuharibu

Hapa ndio watu wengi huanguka.

Kwanza, saa. Kabla uguse kitu chochote, piga picha skrini ya DVR ikionyesha saa yake, na simu yako kando ikionyesha saa ya kweli. Saa za DVR hupotea stima ikipotea, na kamera zingine hukuwa bado ziko kwa saa za China, ambazo ziko mbele ya zetu kwa masaa 5. Video ikisema 14:10, inaeza kuwa shosho alitoka saa 09:10. Usirekebishe hiyo saa. Andika tofauti na uiache hivyo.

Pili, hii yetu ya Kiswahili. Soja akisema alimwona "saa mbili", anamaanisha 8:00. Mtu mwingine akisikia anaandika 2:00. Familia zimewahi kutafuta masaa sita yasiyofaa kwa sababu ya hiyo tu. Kwa kila taarifa andika 0800hrs, 1430hrs, bila stori.

Tatu, rekodi ya simu ikichukua skrini ni sawa kwa kutafuta leo usiku, lakini si kopi. Toa video yenyewe kutoka DVR hadi flashi, kwa umbo lake la asili, pamoja na programu ya kuichezea kama mashine inaitoa. Chukua dakika kadhaa kabla na baada. Usikate, usiongeze mwangaza, usiweke mduara mwekundu kwa hiyo kopi. Ukitaka kuchora, chora kwa kopi ya pili. Ukituma kwa WhatsApp, inaminywa na inapoteza ubora, kwa hivyo ya WhatsApp isiwe ndio pekee mko nayo.

Nne, usichomoe hadi disk uichomeke kwa laptop. Kompyuta inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati, na kidole kikiteleza imeenda. Kama hakuna flashi na siku ile iko karibu kufutwa, simamisha kurekodi kwa settings kwanza, kisha tafuta flashi.

Tano, andika: nani alitoa, kwa mashine gani, lini, na flashi ilipewa nani. Karatasi moja inatosha.

Kusoma video bila kujidanganya

Usiku kamera hutumia mwanga wa infraredi. Leso nyeusi inaweza kuonekana nyeupe, sweta ya maruni ikaonekana kijivu. Kwa hivyo usiku usitafute rangi. Tafuta mwendo: anavuta mguu gani, anashika mkongojo mkono gani, kitambaa amefunga vipi.

Pia, kamera nyingi za Wi-Fi hurekodi tu zikiona kitu kimesonga, halafu zinapumzika kidogo. Mtu anaweza kupita kwa hiyo nafasi. Kutomwona kwa kamera moja si ushahidi kwamba hakupita hapo. Cheki inayofuata pia.

Na muhimu kabisa: kuona mtu akimshika mkono si kuona akimteka. Anaeza kuwa msamaria aliyemvusha barabara, ama wa boda aliyeambiwa "nipeleke nyumbani" akampeleka penye alionyeshwa. Huyo ndiye shahidi mkubwa mko naye. Ukiweka sura yake mtandaoni na maneno "huyu ndiye mwizi wa shosho", unaeza kumfanya atoroke na habari zake, ama wasee wamchome bila kuuliza. Sura yake ipeleke kwa afisa wa kesi.

Cha kupost, na cha kuficha

Post picha ya mzee ya karibuni, skrinshoti moja ya nguo alizovaa siku hiyo, mahali pa mwisho, na namba ya kituo cha polisi pamoja na ya mtu mmoja wa familia. Msipost video yote. Kama kamera imemshika amechanganyikiwa, ama nguo zimemwanguka, hiyo si ya mtandao. Akirudi ataishi na hao majirani.

Fichen kitu kimoja: rangi ya soksi, kovu, ama kilichokuwa kwa mfuko. Matapeli watapiga simu. "Tuko na mzae wenu hospitali, tuma elfu tano ya dawa." Mwulize ile kitu mmeficha. Hajui? Hakuna kutuma M-Pesa. Andika namba yake na uipeleke kwa afisa.

Kama itafika kortini

Mara nyingi stori inaisha vizuri, mzee amekaa kwa kituo fulani anakunywa chai. Lakini sio kila mara. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna vita ya shamba. Kama kuna mtu alimtoa mzee nyumbani kwa ubaya, ile video ndiyo inaweza kumweka hapo.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 78A, inakubali ushahidi wa kidijitali. Korti itaangalia kama video ilitunzwa vizuri na kama inaweza kuaminika. Kifungu cha 106B nacho kinataka cheti: kinachotambulisha rekodi, kueleza ilitolewa vipi na kwa mashine gani, na kusainiwa na mtu anayesimamia huo mfumo. Mahakama ya Rufaa iligusia hitaji hili la cheti mwaka wa 2015, kwa kesi ya Bunge la Kaunti ya Kisumu. Sasa unaona kwa nini ile karatasi yako moja na ile picha ya saa mbili zina maana. Wakili wa upande ule atauliza: nani alikopi, lini, na saa hiyo ni ya kweli? Uwe na jibu.

Fanya hii wiki hii kama unaishi na mzee

Fungua DVR ama app ya kamera uone video ya zamani kabisa ni ya lini. Hapo ndipo utajua uko na siku ngapi. Rekebisha saa iwe sawa na ya simu yako. Hakikisha zaidi ya mtu mmoja anajua paswedi, ju siku ya shida mwenye paswedi ndiye huwa mteja. Elekeza kamera moja kwa geti, urefu wa uso, si juu kabisa penye inaona kofia tu. Usiweke kamera chumbani kwa mzee ama bafuni, na mwambie iko wapi na ni ya nini. Ni nyumba yake pia.

Mpige picha ya mwili mzima kila mwezi. Shona namba ya simu ndani ya koti lake. Na umtambulishe kwa soja, mama mboga na wa boda wa steji: "Huyu ni shosho wetu. Mkimwona peke yake, nipigieni." Kamera itakuambia alienda wapi. Mama mboga anaweza kumshika mkono kabla hajaenda.